Simu Iliyokwenda Muhoroni

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Nekoye alikuwa ufuoni Dunga, Kisumu, kabla jua halijawa kali. Mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zikiingia. Wavuvi walikuwa wamechoka na nguo zao zimelowa, lakini bado walikuwa na nguvu za kubishana bei. Nekoye naye alijua kubishana. Akishanunua, alitandaza omena zake juu ya wavu mkuukuu, kisha akaketi kando na fimbo ndefu ya kuwafukuzia korongo. Zikikauka, alizipeleka soko la Kondele kuuza.

Kazi hiyo ilikuwa na adui mmoja mkubwa, nayo ni mvua. Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka, inaharibika. Atakayeinunua ni mtu wa kulisha kuku tu.

Mumewe aliitwa Oketch. Aliendesha trekta la kubeba miwa kule Muhoroni. Oketch alikuwa Mluo, na Nekoye alikuwa Mbukusu wa Bungoma. Oketch hakujua Kibukusu. Nekoye alijua Dholuo ya sokoni, ya kuuza na kugombana, lakini hakuweza kuombea chakula kwa lugha hiyo. Kwa hiyo nyumbani kwao, Mamboleo, walizungumza Kiswahili. Walielewana vizuri. Majirani walizoea kusikia kicheko kikitoka kwenye nyumba yao.

Kitu kimoja tu walikikosa. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto.

Mwaka huo waliamua kwenda kliniki moja ya uzazi mtaani Milimani. Wote wawili walipimwa. Daktari alimpa Nekoye dawa za kumeza na kumwambia arudi mara kwa mara.

"Usikatize dawa," daktari alimwambia. "Ukikatiza, tunaanza upya."

Walipotoka nje, Oketch alimshika mkono.

"Hili jambo ni letu wawili," alisema.

"Hata Mama tusimwambie?" Nekoye aliuliza. Mama huyo ni Seline, mamake Oketch, aliyeishi Muhoroni.

"Hata Mama. Tusimpe matumaini kabla ya wakati."

Wakakubaliana hivyo.

*

Rafiki wa Nekoye pale ufuoni alikuwa Adero. Nyavu zao zilikuwa karibu karibu. Siku moja Adero alimkuta Nekoye akitazama mawingu.

"Nyar Bungoma, bado unasoma mawingu kama watu wa zamani?" alimtania, akimwita binti wa Bungoma kwa Dholuo. "Weka hii kitu kwa simu. Inakuambia mvua itanyesha saa ngapi. Na ni ya bure."

Adero alichukua simu ya Nekoye akamwekea programu hiyo. Programu iliuliza jina. Nekoye akaandika. Iliuliza nambari ya simu. Akaandika. Kisha likatokea swali refu la Kiingereza, na vitufe chini yake.

"Sasa inataka nini?" Nekoye aliuliza.

"Inataka kujua mahali uko. Kwani itakuambiaje mvua ya Kisumu kama haijui uko Kisumu? Bonyeza hapo juu. Mimi nilibonyeza."

Nekoye akabonyeza.

Programu ilifanya kazi. Siku chache baadaye ilimwambia mvua inakuja. Aliwahi kukusanya omena zake kabla tone la kwanza halijaanguka. Wenzake waliocheka walibaki wakikimbizana na magunia. Nekoye alifurahi sana.

*

Ijumaa moja, Nekoye alikuwa Kondele akimpimia mteja omena. Simu ikalia.

"Dada Nekoye, Bwana asifiwe," mwanamume alisema. Sauti yake ilikuwa tamu na ya upole.

"Asifiwe milele. Naongea na nani?"

"Niite Nabii tu. Nilikuwa katika maombi, nikaonyeshwa mwanamke. Anaishi Mamboleo. Asubuhi namwona kando ya maji mengi. Mchana namwona mahali pa kelele, watu wanauza na kununua. Ni wewe, dada?"

Nekoye alishusha mkebe wa kupimia.

"Ni mimi," alijibu polepole.

"Tena namwona akienda Milimani, kwa nyumba ya madaktari. Ameenda zaidi ya mara moja. Dada, unatafuta mtoto."

Nekoye aliacha kupima omena. Aliketi juu ya gunia. Mteja wake alimwuliza kama ni mgonjwa, lakini hakumsikia.

"Sikiza," Nabii aliendelea. "Zile dawa za hospitali ndizo zinazofunga mlango wako. Ziache. Mimi nitakutumia mafuta ya maombi. Wewe andaa sadaka yako. Na usimwambie mtu."

Nekoye alikuwa mtu wa kanisa. Siri ile hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Adero. Kama si Mungu, ni nani aliyemwonyesha huyu mtu?

Jioni hiyo alishindwa kunyamaza. Alimweleza Oketch kila kitu. Oketch aliacha kula.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Wewe je?"

"Mimi? Hata trekta sijaliambia." Oketch hakucheka. "Basi ni watu wa kliniki. Mmoja wao ametoa siri yetu nje."

Nekoye hakulala vizuri. Kulipokucha alipanda kwenda Milimani. Pale kliniki kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Lorine, ambaye siku zote alimpokea kwa tabasamu. Benchi lilikuwa limejaa wagonjwa.

"Lorine, siri yangu umemuuzia nani?" Nekoye alisema kwa sauti ya juu.

Watu wote waligeuka. Lorine alisimama akiwa ameduwaa.

"Dada, faili yako haitoki humu ndani. Mimi sijasema kitu."

"Basi huyo mtu amejuaje?"

Lorine aliwatazama wagonjwa. Machozi yalimlengalenga. Nekoye alitoka bila kumwona daktari na bila kuchukua dawa nyingine.

*

Nabii aliendelea kupiga simu. Kila mara alitumia nambari iliyofichwa, na kila mara aliona jambo. "Jana ulichelewa kufika ufuoni." Kweli, alichelewa. "Jumapili hukuenda kanisani, ulikuwa nyumbani." Kweli, alikuwa na homa. "Umerudi Milimani. Nilikukataza." Kweli tena.

Nekoye alikuwa bado hajatuma sadaka, lakini alizitoa dawa zake mezani akaziweka juu ya kabati.

"Daktari alisema usikatize," Oketch alimsihi.

"Na kama ni Mungu anasema?"

"Tangu lini Mungu akapiga simu kwa nambari iliyofichwa?"

Nekoye alicheka kidogo, lakini hakuzishusha zile dawa. Oketch mwenyewe, akiwa peke yake shambani, alijikuta akijiuliza: huyu mtu anaona vipi?

Wiki hiyo hiyo simu ya Oketch ilimponyoka shambani. Kabla hajaiokota, gurudumu la trekta likaikanyaga. Ilibaki bapa kama chapati. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na msimamizi wake alitaka kumpata wakati wote, kwa sababu miwa ilikuwa mingi na foleni ya kiwandani ilikuwa ndefu.

"Niazime yako kwa leo," alimwambia Nekoye alfajiri hiyo.

"Chukua. Omena haipigi simu."

Oketch akaenda Muhoroni na simu ya mkewe. Nekoye alienda Dunga mikono mitupu, kisha Kondele, kama kawaida. Jioni Oketch alirudi akamrudishia simu yake.

Jumapili baada ya kanisa walikuwa wameketi nyumbani wakinywa chai. Simu ikalia. Nambari ilikuwa imefichwa.

"Weka sauti kubwa," Oketch alinong'ona.

"Dada Nekoye," Nabii alisema. Leo sauti yake ilikuwa na ukali. "Kwa nini unanificha mambo? Jana hukukaribia maji. Nilikuona ukitoka Mamboleo mapema sana, ukaenda mbali, mpaka Muhoroni. Nilikuona katikati ya mashamba. Ukaenda kwa lango la kiwanda cha sukari, ukakaa hapo muda mrefu. Ukarudi shambani. Ukaenda tena kwa lango. Mwanamke mwenye bwana, ulikuwa unatafuta nini pale?"

Nekoye alimtazama Oketch. Oketch alikuwa amekodoa macho. Ni yeye aliyekaa langoni jana, juu ya trekta, akingoja zamu yake ya kupima miwa.

"Nabii," Nekoye alisema, "uliniona mimi?"

"Kwa macho ya kiroho."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

Nabii alikohoa.

"Roho haonyeshi nguo," Nabii alijibu.

"Roho hakukuonyesha hata kama ni mwanamke au ni mwanamume mwenye ndevu?"

Oketch alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mara simu ikakatika.

Walicheka pamoja kwa muda. Kisha Nekoye akaacha kucheka. Aliiweka simu mezani na kusogea nyuma, kama mtu aliyeona mdudu.

"Oketch. Huyu mtu haoni mimi. Anaona simu."

"Naam."

"Inakwenda wapi, inalala wapi. Anaona yote. Vipi?"

Oketch aliinuka. "Twende kwa Debra," alisema.

*

Debra alikuwa jirani yao. Alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Walimkuta uani akianika nguo. Alisikiliza kisa chote bila kumkatiza Nekoye. Kisa kilipofika pale pa lango la kiwanda, Debra alitabasamu. Kisha akafuta mikono, akaomba simu.

"Kwanza tuifanye iongee lugha unayoielewa," alisema. Alibadilisha lugha ya simu kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. "Sasa utaona kile unachokubali. Fungua Mipangilio. Tafuta palipoandikwa Mahali. Bonyeza. Ona, hapa kuna programu zote zinazoruhusiwa kujua ulipo. Soma."

Nekoye alisoma. Chini ya maneno "Ruhusu wakati wote" kulikuwa na programu moja tu. Ilikuwa ile ya mvua.

"Wakati wote?" Nekoye aliuliza. "Hata kama sijaifungua?"

"Hata ukiwa umelala. Nekoye, ukibeba gunia la omena lililotoboka, nini kinatokea?"

"Omena zinadondoka njiani."

"Na mtu akifuata zile omena zilizoanguka?"

"Atajua nimepita wapi."

"Na kila usiku njia inaishia wapi?"

"Kwangu." Nekoye alijishika kifua. "Mlangoni kwangu."

"Basi simu yako ilikuwa gunia lililotoboka. Ukienda Dunga, inadondosha. Ukienda kanisani, inadondosha. Mwenye programu anaokota."

"Anaokota za nini?" Oketch aliuliza. "Omena zinaliwa. Njia ya mtu inaliwa?"

"Inauzwa. Ile programu mlipewa bure. Mwenye kuitengeneza anapata faida wapi? Wengine huweka matangazo tu. Wengine huuza habari za njia za watu. Kuna kampuni zinazonunua njia za maelfu ya watu, zinaziunganisha, zinaziuza tena. Mwenye duka ananunua ili ajue wateja wanapita wapi. Mwenye kampuni ya mikopo ananunua. Na zikishauzwa mara nyingi, huwezi kujua zimefika kwa nani. Hata tapeli anaweza kuzipata."

"Lakini sikuiambia programu natafuta mtoto," Nekoye alisema.

"Hukusema kwa mdomo. Ile kliniki iko kwa ramani, na kazi yake inajulikana. Simu ikionekana pale mara moja, labda umempeleka jirani. Ikionekana mara nyingi, mtu anakisia. Jina na nambari uliandika mwenyewe siku ya kwanza. Akishakuwa na hivyo vyote, anapiga simu na kujiita nabii."

Nekoye aliinama. Alifikiria zile dawa juu ya kabati. Alifikiria Lorine amesimama mbele ya watu, machozi yakimlengalenga.

"Nimemkosea mtu," alisema.

"Utamwomba msamaha," Debra alisema kwa upole. "Ila tuzibe gunia kwanza."

Aliwaonyesha. Nekoye aliiondoa ile ruhusa, kisha akaifuta programu yenyewe. Debra alimwonyesha pia mahali palipoandikwa Matangazo, na ndani yake kuna kitambulisho ambacho kampuni hutumia kuitambua simu. Nekoye alikifuta hicho pia. Waliangalia programu nyingine. Tochi ilikuwa na ruhusa ya kujua mahali.

"Tochi ya nini inataka kujua niko wapi?" Oketch alishangaa. "Giza ni giza tu."

"Hilo ndilo swali la kuuliza kila mara," Debra alisema. "Hii programu inafanya kazi gani, na kwa kazi hiyo inahitaji kujua nini? Ramani inahitaji kujua ulipo, sawa. Ipe ruhusa wakati unapoitumia tu. Tochi haihitaji. Na ya mvua unaweza kuiandikia neno Kisumu, inatosha. Ikikataa kufanya kazi bila kukufuata mpaka chumbani, tafuta nyingine."

"Kwa hiyo hii kitu ya Mahali ni mbaya?"

"Si mbaya. Ukipotea, au ukipata ajali, inaweza kukuokoa. Iwashe ukiwa na kazi nayo. Ukimaliza, zima."

"Na sasa wamenisahau?" Nekoye aliuliza.

Debra alitikisa kichwa. "Sitakudanganya. Walichouza kimeshauzwa. Tena kampuni ya laini yako bado inajua uko karibu na mnara gani, ndivyo simu inavyofanya kazi. Lakini kuna sheria. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Inasema anayechukua habari zako lazima akueleze anazitaka kwa kazi gani na anampa nani. Una haki ya kumwuliza ana habari zako zipi. Unaweza kumkataza asizitumie. Unaweza kumtaka azifute. Akipuuza, unapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuandika. Unaweza pia kueleza kwa mdomo, wakaandika wao."

"Hata mimi muuza omena?"

"Sheria haikuuliza unauza nini."

Jioni hiyo hiyo waliandika barua pepe kwa wenye programu ya mvua. Debra alichapa, Nekoye alisema maneno yake mwenyewe: Nataka kujua mmeuza habari zangu kwa nani. Nataka mzifute.

*

Siku ya pili Nabii alipiga simu. Nekoye alikuwa Kondele, na soko lilikuwa limechangamka.

"Dada, tangu jana sikuoni vizuri," Nabii alisema. "Kuna wingu la dhambi mbele yako."

"Hakuna wingu," Nekoye alijibu. "Nimezima simu isikuonyeshe njia. Ulikuwa ukiifuata simu, Nabii. Siku ile Muhoroni ulikuwa ukimfuata bwanangu juu ya trekta. Ukitaka nimpe simu akusalimie, atafurahi. Tena jambo lako tumeliripoti polisi."

Ilikuwa kweli. Asubuhi hiyo Oketch alikuwa amepitia kituoni. Nabii hakuaga. Alikata, na hakupiga tena.

Jambo la Lorine lilikuwa gumu zaidi. Nekoye alipanda Milimani akiwa na furushi la omena bora, zile kubwa kidogo zenye kung'aa. Benchi lilikuwa limejaa tena.

"Lorine, nimekuja kuomba msamaha," alisema kwa sauti ya chini.

Lorine alimtazama. "Uliniumiza, dada. Nilienda nyumbani nikalia. Wale watu walikusikia, na wengine waliniuliza kama ni kweli natoa siri za wagonjwa."

Nekoye alielewa. Aligeuka, akawaangalia watu wa benchi.

"Mimi nilimsingizia huyu muuguzi hapa mbele ya watu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilisema ametoa siri yangu. Si yeye. Ni simu yangu iliyoitoa. Lorine, nisamehe."

Mzee mmoja alitoa simu yake mfukoni akaitazama kwa wasiwasi. Lorine alicheka, na baada ya kucheka hakuweza tena kununa. Alipokea omena.

"Kaa hapo," alisema. "Daktari atakuona. Na wewe mwambie ukweli, usimwambie umemeza dawa kama hukumeza."

Nekoye alimwambia daktari ukweli. Daktari alisikitika, kwani walikuwa wamepoteza muda. Walianza upya, na safari hii dawa zilikaa mezani, karibu na sukari, mahali ambapo Oketch hangekosa kuziona akinywa chai.

Wenye programu hawakujibu ile barua. Nekoye alingoja, akaandika tena. Bado kimya. Ndipo akapeleka malalamiko kwa Kamishna, Debra akimsaidia. Mambo hayakwenda haraka. Ofisi ilimwuliza maswali, naye akajibu. Mwishowe wenye programu walimwandikia. Walisema wamefuta habari zake zote na wamewataka waliozinunua wazifute pia. Nekoye aliisoma barua hiyo kwa sauti, na Oketch akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za redio.

"Wote watafuta kweli?" aliuliza.

"Sijui," Nekoye alisema. "Lakini wamejua kuna mtu anauliza."

*

Pale ufuoni, Adero alikuwa bado na programu ile.

"Mimi sina siri," alisema Nekoye alipomshauri aifute. "Wanifuate tu. Wataona omena mpaka wachoke."

"Adero, choo chako kina mlango?"

"Kina."

"Unaficha nini huko?"

Wanawake wote waliokuwa kwenye nyavu walicheka. Adero pia alicheka, akampiga Nekoye na leso.

"Lakini watoto wako wanalala kwako peke yao ukija hapa alfajiri," Nekoye alisema, sasa bila mzaha. "Mtu akinunua njia yako, anajua ni saa ngapi wewe hupo nyumbani."

Adero aliacha kucheka. Alijipangusa mikono na kutoa simu. "Nionyeshe," alisema.

Asubuhi hiyo omena zililindwa na mtu mmoja tu mwenye fimbo. Wengine walikaa kivulini mwa mashua wakiwa na simu zao. Nekoye alipita kwa mmoja mmoja. Badilisha lugha. Fungua Mipangilio. Tafuta Mahali. Soma kabla ya kubonyeza. Mama mmoja aligundua mchezo wa karata wa mtoto wake ulikuwa ukimfuata kila mahali, akautukana kwa Dholuo safi. Mwingine hakutaka kubadilisha chochote, akasema simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, nao wakamwacha. Kwa habari ya mvua walichagua programu nyingine iliyokubali kuandikiwa jina la mji. Siku nyingine ilikosea. Siku hizo walitazama mawingu.

*

Miezi ilipita. Siku moja Nekoye alitoka kwa daktari akakaa kwenye benchi la nje. Lorine alikuja akaketi karibu naye. Alimshika tu mkono.

Nekoye hakumpigia Oketch simu. Alitaka kumwona uso. Jioni, Oketch alipoingia na vumbi la miwa kwenye nywele, alimwambia. Oketch aliuacha mlango wazi akamkaribia. Kisha akamwinua mkewe juu, akakumbuka, akamshusha haraka haraka kama mtu aliyebeba mayai.

Walikaa na habari hiyo, wao wawili. Walikula nayo, walilala nayo, walienda nayo kanisani. Hakuna aliyewapigia kuwauliza. Hakuna tangazo la nepi lililotokea kwenye simu. Ilikuwa furaha kubwa, na ilikuwa yao.

Daktari aliposema mambo yanaendelea vizuri, walikwenda Muhoroni kumwona Mama Seline. Walimkuta akichambua mboga. Nekoye aliinama na kumwambia sikioni.

Mama Seline aliacha mboga zote. "Wuololo!" alisema kwa kunong'ona, kama anayeogopa kuiamsha nyumba. "Nyar Bungoma! Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

Alimkumbatia, akalia, akacheka, akafuta machozi kwa kanga. Alikimbilia mlangoni kupiga vigelegele. Kisha akasimama. Aligeuka akamtazama Nekoye.

"Naweza kuwaambia watu?"

Nekoye alitazamana na Oketch. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Ngoja kidogo, Mama," alisema. "Nitakuambia siku ya kuwaambia."

"Sawa, mwanangu. Habari ni yako."

Siku hiyo Mama Seline alichinja kuku na kupika kwa mikono yake mwenyewe. Harufu ilifika barabarani. Jirani mmoja alisimama kwenye ua akauliza, kwani leo kuna sherehe gani?

"Mkamwana wangu amenitembelea," Mama Seline alijibu, akaendelea kukoroga chungu huku akitabasamu.